Siku Tuliporuka Bila Hodi

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mnapenda kuniuliza, kwa adabu lakini mkiwa na kicheko kwenye pembe za midomo, kama ni kweli kwamba Bi Mwanasiti alikuwa akiipigia kompyuta hodi. Ni kweli. Niliipigia kompyuta hodi miaka yangu yote katika ofisi ya uwakala wa mizigo pale Changamwe, na kila mara niliitikiwa. Wapo watu wenye vyeo niliowapigia hodi miaka hiyohiyo, na hadi leo hawajaitika.

Nilistaafu Ijumaa, tarehe kumi na tisa Desemba. Naishi Likoni, nina macho mazima na kumbukumbu nzima, na nimesikia kwamba mmeletewa tena chombo kipya cha kuwarusha kutoka folda moja hadi nyingine kabla hamjamaliza kufikiri. Hongereni. Lakini kabla hamjakipanda, nataka mjue jinsi mwenzenu Kadzo alivyoponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa ajili ya herufi tatu. Mnamwona sasa ana meza yake dirishani na mnadhani alizaliwa nayo.

Nianze na kazi yenyewe, maana wapo miongoni mwenu ambao hawajawahi kuona kompyuta isiyo na vipicha vya kubofya. Hati zetu zilikaa kwenye seva. Kila mteja alikuwa na folda yake, na ndani yake folda nyingine, na ndani ya hizo nyingine tena, kama vyumba vya nyumba ya ukoo. Tuliziendea kwa skrini nyeusi. Huoni mlango wala dirisha. Unaona kijistari kinachopepesa kikikungoja uandike amri. Ukitaka kuhama chumba unaandika cd, kisha anwani nzima: wateja, halafu jina la mteja, halafu aina ya shehena, kila neno na mkwaju wake, ule mstari wa mshazari unaotenga chumba na chumba. Ukikosea herufi, huendi popote. Ni kazi ya vidole na subira, na kwa siku moja mtu huhama vyumba vingi kuliko bibi harusi anayekimbizwa na mawifi.

Mimi nilisoma nikiwa nimeshazaa. Nilianza na ngumbaru pale Likoni, nikaendelea na masomo ya jioni, na mtihani wa kidato cha nne niliukalia katika ukumbi mmoja na mwanangu wa kwanza. Yeye aliona haya, mimi sikuona. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimemshinda Kiswahili na Historia, naye amenishinda Hisabati, tukasameheana. Marehemu mume wangu, fundi wa vyuma bandarini, ndiye aliyetupikia majira yote ya mitihani. Wali wake ulikuwa na ukoko chini na ukoko juu, na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Kazini aliwaambia wenzake, "Mke wangu yuasoma," kwa sauti ya mtu anayesema mke wangu ni waziri. Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikuokotwa njiani. Nilipofika kwenye ile skrini nyeusi nilifika kwa miguu yangu.

Aliyenifundisha kuhama vyumba ni Mwalimu Kasimu, mtu wa Kisauni, aliyesimamia mitambo ya ofisi kabla yenu na kabla ya mameneja wenu. Huyo ndiye aliyetuandikia programu ndogo aliyoiita hodi. Badala ya kuandika anwani nzima, unaandika hodi na jina la mteja, basi unapelekwa. Lakini haikukupeleka hivihivi. Kama jina lilikuwa na vyumba viwili, iliuliza: "Wako wawili. Wamtaka yupi?" Kama jina halikuwapo, ilikwambia: "Hayupo. Umekosea nyumba." Na ikishakufikisha, iliandika: "Karibu," kisha ikakutajia mahali ulipo, kuanzia mlango wa nje hadi chumba cha ndani.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Mwalimu, hii karibu ni ya nini? Mashine yanionea haya?"

"Si ya mashine, Bi Mwanasiti. Ni yako," akasema. "Mtu haingii chumbani kwa watu akaanza kupangua vyombo kabla hajaambiwa karibu. Na akiambiwa, ajua yuko kwa nani."

Basi tukaishi hivyo. Mwalimu Kasimu akastaafu, akaenda zake kulima minazi, na programu yake ikabaki ikitukaribisha asubuhi na jioni. Katika jengo lile haikuwapo sauti nyingine iliyotukaribisha.

Kisha akaja Meneja wa Mifumo.

Rashidi ni kijana wa Mkomani, mtoto wa watu, mwenye shahada mbili na viatu visivyotaka soksi. Sina ugomvi naye, na mkinisoma hadi mwisho mtaona kwamba namheshimu. Lakini alikuwa na ugonjwa unaowapata wengi wanaorudi kutoka masomoni: kila kitu kilichochukua muda alikiona kama kimeibwa kutoka mfukoni mwake. Wiki yake ya kwanza alituita ukumbini, akatuonyesha mchoro wa rangi tatu. Alikuwa amepiga hesabu ya muda ambao kampuni hupoteza kila mwaka kwa kukaribishwa.

"Bi Mwanasiti," akaniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, "kompyuta haina haja ya maamkizi."

"Haina, mwanangu. Mwenye haja ni mimi."

Watu wakacheka. Yeye akaandika kitu kwenye simu yake.

Chombo alichotuletea kiliitwa ruka. Nacho, wanangu, nitakisifu kwanza kwa haki, maana kilikuwa na akili. Hukuwa na haja ya kukiambia jina zima. Uliandika ruka na herufi mbili tatu, nacho kikakuchagulia. Nikamwuliza Rashidi kinajuaje ninakotaka kwenda.

"Kinakumbuka unakokwenda mara nyingi, na ulikokwenda karibuni. Kinapima, kisha kinakupeleka kwenye uzito mkubwa."

"Nilikuwa na jirani wa namna hiyo," nikamwambia. "Tulihama."

Chombo hicho nacho kilikuwa na desturi ya kutaja mahali kilipokufikisha. Rashidi akaizima. Alisema mistari ile inachafua skrini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chetu. Chombo kama hicho kimetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye mazoea yake. Lakini sisi ofisini hatukuwa mtu mmoja mmoja. Sote, kuanzia mhasibu hadi mimi, tuliingia kwenye seva kwa jina moja, ofisi, na neno moja la siri. Siri hiyo ilibandikwa kwenye mlango wa friji jikoni, ili isisahaulike. Tulitumia jina hilo kama tulivyotumia kata ya mtungini: huchovya huyu, huchovya yule, hakuna anayeuliza ni ya nani. Meneja hakuona ubaya. Kuwafungulia watu majina yao kungechukua asubuhi nzima, na asubuhi nzima ilikuwa muda.

Kwa hivyo ruka haikujifunza mazoea yangu wala ya Kadzo. Ilijifunza mazoea ya kijiji.

Dalili tuliipata mapema. Walikuja wageni wa kampuni ya meli, waungwana watatu wenye mikoba, na Rashidi akawasha projekta awaonyeshe jinsi tunavyozifikia hati kwa kufumba na kufumbua. Akaandika ruka ha, akikusudia folda ya hati. Sasa, mpwa wa mhasibu wetu alikuwa ameolewa mwezi uleule, na picha zote za video zilikuwa zimewekwa kwenye seva, na ofisi nzima ilikuwa ikizitazama wakati wa chakula cha mchana kwa bidii ambayo hatujawahi kuipa kazi. Ruka ikapima uzito, ikatuchagulia harusi. Rashidi akaorodhesha yaliyomo, na ukutani, kwa maandishi makubwa kama mabango ya siasa, yakatokea majina ya faili: kupaka hina, kupaka hina sehemu ya pili, bwana harusi analia, bwana harusi bado analia.

Mgeni mmoja akauliza, "Hii ni shehena ya aina gani?"

"Ya dharura," akasema Kadzo kutoka nyuma.

Meneja aliamuru harusi ifutwe. Kuhusu jina moja la watu wote hakusema neno, nasi hatukumkumbusha, maana tulikuwa tukicheka.

Kadzo mnamjua. Wakati huo alikuwa na stashahada, ulimi mwepesi, na mkataba wa muda uliokuwa ukiisha Ijumaa, tarehe ishirini na nane Februari mwaka jana. Alikuwa amemhamisha mama yake kutoka mashambani, akampangia nyumba Miritini, kwa imani kwamba atathibitishwa kazini. Kila mtu alijua hivyo, kwa sababu alikuwa hasemi jambo jingine. Akisikia mlango wa ofisi ya mwajiri unafunguliwa, anauliza: "Ni mkataba wangu?" Ni mletaji wa maji.

Mwezi wa Mlisho, huo Shaaban, ulipoingia, alipewa kazi ya kusafisha folda za wateja wa zamani. Mmoja wao alikuwa Bi Riziki wa Kongowea, mfanyabiashara wa vyombo. Bi Riziki alikuwa na vyumba viwili kwenye seva: kimoja cha shehena zilizokwisha, kingine cha shehena inayoendelea. Inayoendelea ilikuwa kontena zima la chupa za chai, sinia na birauli, vitu ambavyo hununuliwa kabla ya Ramadhani. Mwezi ukishaandama hakuna anayenunua chupa ya chai. Kila mteja amekwisha kununua kwa mwenzako. Ndani ya folda hiyo zilikaa hati tatu zisizoweza kukosekana: ankara ya muuzaji, hati ya shehena, na cheti cha ukaguzi.

Wiki nzima Kadzo aliandika ruka riz, nayo ikampeleka kwenye zilizokwisha, kwa kuwa ndiko alikokwenda sana. Alizihamisha hati moja moja kwenye hifadhi ya kudumu. Alhamisi, tarehe kumi na tatu, baada ya alasiri, alikuwa amebakisha kufuta tu. Akaenda jikoni kunywa chai. Akarudi, akaandika ruka riz, akaandika amri ya kufuta kila kilichomo, akabonyeza.

Skrini nyeusi haikusifu wala haikulaumu. Ikinyamaza, jua kwamba imekwisha kutekeleza ulichoagiza. Na amri ya kufuta haina jalala la kwenda kufukua.

Alasiri hiyohiyo Bi Riziki alikuwa ameshika simu akimwandama Rashidi kama mwenye deni. Kila alipopiga, Rashidi alifungua folda ya shehena inayoendelea amjibu swali. Akitoka, anapigiwa tena, anaingia tena. Basi kwa jina letu lilelile la pamoja, uzito ukahama. Kijiji kikawa kinakwenda upande wa pili.

Mara tukasikia kutoka ofisini kwake: "Nani amehamisha hati za Bi Riziki?"

Kadzo akaandika amri ya kuuliza yuko wapi, amri ya herufi tatu tu, mzijue, ni pwd. Jibu likaja: wateja, Riziki, zinazoendelea. Akaweka kiganja kinywani.

"Bi Siti," akaniambia bila sauti. "Bi Siti, nimeingia nyumba siyo."

Mtauliza kuhusu nakala za akiba. Swali zuri. Zamani kila Ijumaa kabla ya swala tulinakili seva nzima kwenye diski na kuifungia kabatini. Rashidi alikuwa ameisimamisha desturi hiyo tangu Januari, kabla hati za kontena hilo hazijatufikia, kwa sababu hati zetu zilikuwa zinahamia kwenye wingu, hifadhi ya mtandaoni. Tatizo ni kwamba wingu lilikuwa bado halijafika Changamwe. Lilikuwa likisubiri sahihi.

Rashidi hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba hili ni kosa la kibinadamu, kwamba ataandika ripoti, na kwamba kuhusu mkataba wa Kadzo itabidi "tutafakari". Kadzo alielewa. Neno hilo katika ofisi yetu halijawahi kumaanisha fikra.

Kisha akatuma barua pepe kwa wote wenye nakala za zile hati. Majibu yalikuja papo hapo, kwa kasi aliyoipenda: "Ombi lako limepokelewa." Yote matatu, ya muuzaji, ya wakala wa meli na ya mkaguzi, yalisema hivyo. Hayakusema zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Kadzo mezani kwake akipanga vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Kikombe, kandambili, picha ya mama yake.

"Wafanya nini?"

"Nasafisha folda, Bi Siti."

"Weka kikombe chini. Vaa viatu vya kutembea. Hati zile zimekufa kwenye seva, hazijafa duniani. Kuna watu wanazo. Twende tukawapigie hodi."

"Wameshaandikiwa."

"Wameandikiwa. Hawajaendewa."

Tukaanzia Kongowea. Bi Riziki alikuwa amekaa katikati ya masufuria yake, na alipotuona hakusimama.

"Ndiye huyu?" akaniuliza, akimwonyesha Kadzo kwa kidevu. "Ndiye aliyenifuta?"

"Shikamoo, Bi Riziki," akasema Kadzo.

"Marahaba. Nimejipapasa asubuhi, naona ningalipo. Kontena langu ndilo silioni."

Kadzo alitaka kuingia kwenye haja moja kwa moja. Nikamkanyaga mguu. Tukamwuliza Bi Riziki hali, na magoti yake, na mwanawe aliyeko masomoni, na bei ya nyanya inayowaumiza majirani zake, ingawa yeye hauzi nyanya. Tukaletewa mahamri. Kadzo akala mawili, akamwambia, "Mimi ndimi niliyekosa, mama. Sikukuja na sababu. Nimekuja na miguu." Bi Riziki akavuta simu kutoka kifuani. Ankara ya muuzaji ilikuwa humo, picha iliyopigwa kwa haraka, dole gumba la muuzaji limefunika pembe moja. Tarakimu zote zilisomeka.

"Mwambieni meneja wenu," akasema, "aliniandikia barua ndefu nikadhani nashtakiwa."

Simu ya Kadzo ikalia. Ni Rashidi. "Mmefika wapi?"

"Kwenye mahamri," akasema Kadzo.

Ofisi ya wakala wa meli, yenye hati ya shehena, haikuwa mbali na yetu. Karani wake alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, na kompyuta yake ilikuwa na barua pepe zisizosomwa nyingi kuliko samadi zizini. Hakututazama. Kadzo, ambaye sasa alikuwa ameonja utamu wa kazi, akamwamkia, akamwuliza kwao. Yule mzee akasema Ganze. Kadzo akataja ukoo wa mama yake. Yule mzee akavua miwani. Wakaingia kwenye Kigiriama mimi nikiwa mlangoni, wakapanda milima na kushuka, wakamtaja marehemu mmoja na kumhurumia, wakamtaja mwingine na kucheka. Nilisubiri nikihesabu vigae vya dari. Walipotoka huko, hati ya shehena ilikuwa ikichapwa na mzee yuasema, "Kumbe ile barua iliandikwa kwa ajili yako? Ningejua ni mtoto wetu!"

Cheti cha ukaguzi kilitutesa. Mwenye nacho hakuwapo Ijumaa, wala Jumamosi, na Jumatatu alikuwapo lakini mashine yake ya kuchapa haikuwapo. Jumanne tulimkuta, akatuambia turudi kesho. Kadzo hakugomba. Akaketi kwenye benchi lake, akasema, "Kesho naanza kuingoja hapahapa, ami." Yule bwana akaenda kuswali, akarudi, akamkuta. Akaenda kula, akarudi, akamkuta, na sasa Kadzo alikuwa akiwaelekeza wateja wengine mlango wa kuingia na fomu ya kujaza, na wateja walikuwa wakimshukuru. Nadhani yule bwana alihofia atanyang'anywa ofisi. Cheti kikatoka.

Mizigo ya Bi Riziki ilitoka bandarini Jumanne, tarehe ishirini na tano, mwezi wa Mlisho ukiwa ukingoni. Mnadhani hapo mambo yakawa yamekwisha. Hapana. Ripoti ilikuwa imekwisha kuandikwa, na ripoti ikishaandikwa, mtu lazima awe na kosa.

Alhamisi, tarehe ishirini na saba, tuliitwa mbele ya Mzee Twaha, mwenye kampuni. Ni mtu wa maneno machache ambaye kompyuta yake mezani huwekewa kitambaa cha kufuma. Rashidi akasoma: mfumo hauna hitilafu, mtumiaji hakuhakikisha mahali alipo kabla ya kufuta, inapendekezwa mkataba usiongezwe. Kisha, ili kuthibitisha, akawasha projekta na kuandika ruka riz.

Chombo kikatupeleka kwenye shehena inayoendelea.

"Mnaona?" akasema. "Kiko sawa. Hiyo ndiyo folda hai. Mtu anayetaka nyingine inampasa aseme."

Na kweli kilikwenda huko, wanangu, kwa sababu tangu siku ile ya msiba ofisi nzima ilikuwa ikiingia kwenye folda hiyo kuona pengo, kama watu wanaokwenda kutazama nyumba iliyoungua. Chombo kiliyahesabu maombolezo yetu yote.

Kadzo alikuwa amekaa karibu na mlango. Akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mzee, naomba kitu kidogo. Wenzangu warudi mezani kwao, kila mmoja aingie folda ya zamani ya Bi Riziki, atoke, aingie tena. Wasikome mpaka niseme."

Mzee Twaha akaitikia kwa kichwa. Tukaenda. Sijawahi kuona ofisi ile ikifanya kazi kwa umoja kama alasiri hiyo. Mhasibu, dereva, mimi, kila mmoja akiandika cd na anwani nzima, kuingia na kutoka, kama watoto wa Idi waliosikia kwamba nyumba fulani inatoa peremende. Kadzo akasema basi. Tukarudi.

"Sasa, Bwana Rashidi," akasema, "hujagusa kitu. Andika vilevile ulivyoandika."

Rashidi akaandika ruka riz. Skrini haikusema lolote, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeinyamazisha. Kadzo akamwomba aulize yuko wapi. Akauliza. Jibu likaja ukutani: zilizokwisha.

Mzee Twaha akalisogelea lile neno kwa miwani yake, kisha akarudi kitini.

"Kwa hivyo chombo hiki chafuata walikopita wengi."

"Ndiyo, mzee."

"Na siku ile wengi walikuwa nani?"

Hapo ndipo nilipompa Rashidi heshima yangu. Angeweza kutaja mtandao. Angeweza kutaja joto. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akasema:

"Nilikuwa mimi. Nilikuwa naingia na kutoka na simu ya Bi Riziki sikioni. Na ile sauti ya kumwambia Kadzo yuko wapi niliizima mimi."

"Basi ongeza hayo kwenye ripoti," akasema mzee. "Na mkataba wa huyu binti uletwe kesho. Wa kudumu."

Kabla sijawafikisha kwenye kesho hiyo, niwaachie machache ya kazi, maana najua mnaruka kurasa. Mwenye jina lake aingie kwa jina lake. Neno la siri si la friji. Chombo cha kukurusha kitumieni, mimi sikatazi, kwa kwenda kutazama. Kwenda kutazama ukikosea nyumba, unasema samahani na kutoka. Lakini ukienda kufuta, andika anwani nzima kwa mkono wako, uliza uko wapi, orodhesha kilichomo, usome majina yake, ndipo ufute. Na wingu likiahidiwa, endeleeni kunakili kwenye diski mpaka mnyeshewe.

Ijumaa, tarehe ishirini na nane, baada ya swala, Rashidi alileta mkataba. Alikuwa amekesha akiuandaa, na ulikuwa na kurasa nyingi. Akauweka mbele ya Kadzo, ukurasa wa mwisho juu, kalamu ikiwa imekwisha funguliwa.

"Hapa tu," akasema, akionyesha mstari. "Nimeweka alama."

Mzee Twaha alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Mimi nilikuwa shahidi. Kadzo aliitazama ile alama, kisha akaufunga mkataba, akaugeuza, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

"Ni ya kawaida yote," akasema Rashidi. "Ni kama ya wenzako."

"Haya," akasema Kadzo, na kidole chake kikashuka mstari wa pili.

Alisoma kama anayechambua mchele. Alipomaliza ukurasa aliulaza kifudifudi upande wa kushoto, akaunyoosha, akachukua mwingine. Rashidi alitazama saa. Mzee Twaha akaweka funguo mezani. Kwenye ukurasa wa nne kidole kikasimama.

"Kipengele cha saba," akasema. "Kinasema nitabeba dhamana ya kosa lolote litakalotokana na mifumo ya kampuni. Hii mmeikusudia, au imeingia kwa kunakili?"

Rashidi akainama, akasoma. Masikio yakamwiva. "Imeingia kwa kunakili," akasema.

"Basi itolewe, nami nitaendelea. Bado kurasa sita."

Mzee Twaha akavuta kiti, akaketi, akaita chai.